Chuma Kilicholala

Mdogo wangu ana kidole gumba cha kulia kisichokunjika. Akila ugali, tonge analifinyanga kwa vidole vinne, na akishika kalamu unadhani anaionea aibu. Ukimwuliza kilichompata atakujibu kwa neno moja: chuma. Hasemi uongo. Lakini mimi najua kwamba kabla ya chuma kulikuwa na neno, na neno hilo niliandika mimi, kwa ajili ya kazi ya darasani, nikapata alama 16 juu ya 20.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2020, katika somo la istilahi. Mwalimu alitugawia kurasa za fani ambazo hakuna kati yetu aliyezisomea. Mmoja alipata maradhi ya mahindi, mwingine bima, mimi nikapata vyuma. Ukurasa wangu ulieleza jambo hili: chuma laini kikivutwa au kukunjwa mpaka kikabadili umbo, kisha kikaachwa kwa siku au majuma, hakirudi kazini kama kilivyokuwa. Kinahitaji nguvu zaidi ili kianze kukunjika, na kikishaanza hakiendi mbali kabla ya kukatika. Tena hakikunjiki sawasawa urefu wake wote. Kinalegea ghafla mahali pamoja, huku sehemu nyingine bado imekaza.

Kifaransa na Kiingereza huliita jambo hilo kwa neno la kuzeeka. Nikafanya kama afanyavyo mtafsiri mwenye haraka: nikachukua kuzeeka, nikakiunganisha na mkazo, nikaandika "uzeekaji wa mkazo". Mwalimu akaandika pembeni: "Vizuri, linaeleweka." Nami nikafurahi. Sikujiuliza linaeleweka kwa nani.

Sisi ni watu wa Runingu, kaskazini ya Uvira, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 inayokwenda Bukavu. Magharibi kwetu ni milima, mashariki ni uwanda wa Ruzizi, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mhunzi. Fuawe lake lilikuwa kipande cha reli, mivukuto yake ngozi ya mbuzi. Chuma alikipata kwenye malori yaliyokufa na kwenye nyumba zilizobomolewa: resori kwa mapanga, ferabeto kwa bawaba, ndoana na miguu ya mbabula. Ferabeto ndiyo hiyo Watanzania wanayoiita nondo, jina ambalo kwao ni pia la mdudu anayekula nguo. Siku ya kwanza nilipolisoma kitabuni nilidhani mwandishi anajenga nyumba kwa wadudu.

Babu hakuwa msemaji, lakini alipenda kuonyesha. Siku moja alichukua ubapa wa chuma laini akaupaka chokaa kama anayepaka ukuta, akauacha ukauke, akatuita sisi wajukuu. Akaubana, akaanza kuukunja polepole. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha tukasikia mlio mdogo, na chokaa ikapasuka kwa mstari mmoja wa mshazari. Kwingineko ilibaki nyeupe kama shuka. Akakaza tena, mstari wa pili ukatokea ubavuni mwa ule wa kwanza, kisha wa tatu, mpaka weupe ukawa umeliwa upande mzima.

"Munaona?" akasema. "Chuma haikubali yote mara moja. Inakubali kidogo kidogo, kama kijiji."

Alikuwa na sheria mbili ambazo hatukuruhusiwa kuzivunja. Ya kwanza ilihusu rangi. Chuma kikitoka motoni chekundu, piga. Kikipoa mpaka uso wake uliosuguliwa ukawa na rangi ya shingo ya njiwa, ile buluu inayotelezateleza, weka nyundo chini. Wakati huo kinaonekana bado kina moto wa kutosha, na kweli ukikigusa utaungua, lakini ukikipiga kitakupasukia. Ya pili ilihusu muda. Chuma kilichokunjwa leo unaweza kukirekebisha leo. Kikishalala, usikiguse mpaka kipite motoni kiwe chekundu, kisha kipoe polepole ndani ya majivu. Alisema hivi, nami nayaandika kama alivyoyatamka: "Chuma yenye imelala, hawaikunje baridi."

Sisi watoto tuliiweka sheria hiyo kapu moja na miiko ya wazee: usifagie usiku, usipige mluzi ndani ya nyumba, usikunje chuma kilicholala. Babu alifariki mwaka 2017. Nyundo zake zilirithiwa na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Sheria zake hazikurithiwa na mtu.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, nikarudi nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili mvua ilinyesha juu ya Uvira kama iliyokodishwa. Mto Mulongwe ukatoka kwenye njia yake, ukashuka na mawe ya mlimani, ukapita katikati ya mitaa. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilianguka. Ya mama mdogo, mtaani Kasenga, ilikuwa mojawapo. Yeye na watoto walitoka salama. Nyumba ilibaki nguzo mbili zilizopinda na rundo la tope.

Maskini hatupi chuma. Mwezi wa tano tulikwenda na nyundo nzito, tukavunja zege kwenye zile nguzo na kwenye mkanda wa juu wa ukuta, tukatoa ferabeto. Zilikuwa zimejikunja kila namna. Tulizipakia garini mpaka Runingu, na mdogo wangu akazinyoosha moja moja juu ya fuawe la babu, baridi, siku hiyo hiyo na siku iliyofuata. Kisha zikaegemezwa kwenye ukuta wa jikoni, juani, kungoja kiangazi na pesa za saruji.

Saruji ilipatikana mwezi wa nane. Nguzo inahitaji pete za mraba za kufungia vyuma vyake vya wima, zile ambazo mafundi wa kwetu huziita etriye, na pete hukunjwa kwa kona kali. Mdogo wangu alipigilia misumari minene kwenye ubao, akachukua bomba la kuongezea nguvu, akaingiza chuma cha kwanza. Kabla hajavuta akanigeukia.

"Yaya, babu alikuwa anasema chuma yenye imelala hawaikunje baridi. Hii yetu iko namna gani? Wewe si ulisoma mambo ya chuma huko?"

Nilikuwa nimesoma. Nilikuwa na neno na alama 16. Nikafikiri kwa neno langu: uzeekaji. Nikahesabu miaka. Nyumba ile ilijengwa mwaka 2016.

"Ile ni ya chuma ya zamani," nikamwambia. "Hii ingali mpya. Haijafikisha hata miaka mitano."

Akavuta. Pete tatu zilikuja vizuri. Ya nne ilikaza kuliko zile nyingine. Akaongeza uzito wa mwili wake kwenye bomba, chuma kikakataa, kikakataa, kisha kikakatika kwa mlio mkavu kama wa tawi. Bomba likashuka na mkono wake, na ncha iliyobaki kwenye misumari ikapita chini ya kidole gumba. Nilikiokota kile kipande baadaye. Mahali kilipokatika palimetameta punje punje, kama sukari ya Kiliba. Na palikuwa mahali pale pale ambapo mafuriko yalikuwa yamekikunja na nyundo ikakinyoosha.

Jeraha lilishonwa, likapona. Mshipa unaovuta kidole haukurudi kufanya kazi yake.

Chuo kilipofunguliwa nilirudi kwenye ukurasa wangu, safari hii nikiusoma kama mtu anayesoma barua ya msiba. Nikatafuta na kurasa nyingine. Niliyoyapata nitayaeleza kwa ufupi, kwa sababu bila hayo hoja yangu kuhusu neno haitasimama.

Mistari aliyotuonyesha babu kwenye chokaa ina jina. Mfaransa Piobert aliiona katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na Mjerumani Lüders aliieleza mwaka 1860. Wengi huiita kwa jina la huyu wa pili. Sababu yake ilikaa gizani muda mrefu. Mwaka 1934 watu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba safu za atomi ndani ya chuma haziteremki zote pamoja chuma kinapokunjwa. Fikiria mkeka mkubwa sakafuni. Kuuvuta wote kwa mara moja ni kazi. Lakini ukiinua kimkunjo kidogo upande mmoja, ukakisukuma mpaka upande wa pili, mkeka umesogea na hukutoka jasho. Ndani ya chuma kuna vimkunjo vya namna hiyo visivyohesabika, na kukunja chuma ni kuvitembeza.

Mwaka 1949 Cottrell na Bilby waliongeza sehemu iliyokuwa inakosekana. Katika chuma laini mna atomi ndogo za kaboni na nitrojeni zilizojibana kati ya atomi za chuma. Kando ya kimkunjo kuna nafasi kidogo, kwa hiyo zikipewa muda hutembea mpaka hapo, zikajikusanya kama wingu, zikakishika kimkunjo. Chuma kilichokunjwa sasa hivi vimkunjo vyake viko huru, na ukikirudia saa hiyo kinatii. Ukikiacha, zile atomi zinawasili. Sasa inatakiwa nguvu kubwa kuking'oa kimkunjo kutoka kwenye wingu lake. Kikishang'oka kinakimbia, na mahali hapo panalegea kabla ya majirani zake. Ndiyo maana chuma hukubali kidogo kidogo, kama kijiji.

Muda wenyewe unategemea joto. Kwenye joto la kawaida huchukua siku au majuma. Kwenye nyuzi 100 saa moja inatosha. Wanaopima ferabeto kiwandani wanalijua hilo: hukikunja chuma mpaka nyuzi 90 za pembe, hukiweka kwenye joto la nyuzi 100 kwa saa moja, hukiacha kipoe, kisha hukirudisha nyuma nyuzi 20 na kutazama kama kimepasuka. Saa ile moja inasimama badala ya kukaa ghalani. Kwetu ilisimamiwa na ukuta wa jikoni na jua la miezi mitatu.

Hata ile shingo ya njiwa ina maelezo. Kati ya nyuzi 200 na 300 hivi, atomi hizo zinatembea kwa kasi ya kutosha kukifikia kimkunjo kikiwa bado njiani. Kinang'oka, kinakamatwa, kinang'oka tena. Ni kama gari linalotoka Uvira kwenda Bukavu: linashika mwendo, linakuta kizuizi, linalipa, linashika mwendo, linakuta kingine. Portevin na Le Chatelier walieleza mwaka 1923 jinsi aloi za aluminiamu zinavyonyooka kwa kushtukashtuka namna hiyo, na katika baadhi ya aloi jambo hilo hutokea hata bila moto.

Sasa nirudi kwenye neno, maana hiki ni kitivo cha lugha na si karakana.

Kuzeeka kuna makosa mawili. Kosa la kwanza ni kwamba kunahesabu tangu kuzaliwa. Mzee ni mzee kwa sababu ya miaka aliyoishi yote. Lakini chuma hiki hakianzi kuhesabiwa siku kilipotoka kiwandani. Kinaanza siku kilipokunjwa. Ferabeto ya mwaka 2016 isiyoguswa ingekunjika vizuri, na zile pete tatu za kwanza ni shahidi wangu: zilitoka kwenye sehemu ambayo haikuwahi kupinda. Kosa la pili ni kwamba uzee kwetu ni udhaifu. Mtu akiambiwa chuma kimezeeka hutazamia kitu kilicholegea, chenye kutu, kinachomeguka. Chuma hiki kinafanya kinyume. Kinakuwa na nguvu kuliko jana, kinakataa zaidi, na hatari yake imejificha humo humo katika kukataa. Mdogo wangu alipoona kinakaza alidhani ni chuma kizuri.

Kulala kunasema mambo mengine. Katika Kiswahili chakula kikilala maana yake kilipikwa, kikaachwa, usiku ukapita, na si kile tena. Ugali uliolala ni mgumu, haufinyangiki, ukiulazimisha unakatika vipande, na kila mama anajua kwamba dawa yake ni kurudi motoni. Hakuna anayeuliza mahindi yalivunwa mwaka gani. Neno limebeba ndani yake utaratibu mzima: kazi ilifanyika, kisha kukaa, kisha mabadiliko, kisha moto. Yaani babu hakuwa akitoa mwiko. Alikuwa akitoa maelezo, kwa neno lililochaguliwa vizuri kuliko langu.

Nilimpelekea mwalimu hoja hii. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanipinga kwa mambo ya haki. Istilahi, alisema, lazima ifanane na za lugha nyingine ili mwanafunzi asipotee anapovuka kutoka kitabu hadi kitabu. Tena kulala ni neno lenye shughuli nyingi. Na mtu aliyelala vizuri huamka na nguvu mpya, je, hapo hatutapotosha pia? Akaniuliza swali la tatu, la kimtego: chuma kikizeeshwa kwa makusudi utasemaje?

La kwanza sikuwa na jibu zuri, na bado sina. La pili nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo kweli: chuma nacho huamka na nguvu mpya, kinachopungua ni utiifu. La tatu lilinifurahisha, maana Kiswahili kilikuwa na jibu kabla yangu. Tunamlaza mtoto, basi tunalaza chuma. Katika viwanda vya magari wanafanya hivyo hasa: bati hukandamizwa likapata umbo la mlango, hupakwa rangi, huingizwa kwenye tanuri la kukaushia rangi lenye nyuzi 170 hivi kwa dakika kama 20, likatoka gumu kuliko lilivyoingia. Limelazwa. Jaribu kusema "limezeeshwa" mbele ya mtu anayenunua gari.

Mwalimu akacheka, akasema niandike. Ndiyo haya ninayoandika, ingawa sikuyaandika ili kushinda mjadala. Sisi wanafunzi wa lugha tunafundishwa kwamba istilahi mbaya huleta utata, na utata tunaufikiria kama jambo la karatasini, la kukatwa alama mbili. Kwangu ulikatwa mshipa. Kosa langu halikuwa kukosa neno. Neno nilikuwa nalo tangu utotoni, nimelisikia kwenye moshi wa mkaa kabla sijajua kusoma. Kosa langu lilikuwa kwamba mdogo wangu aliponiuliza kwa neno la babu, mimi nilijibu kwa neno la kitabu, wala sikuona kwamba tulikuwa tunazungumza jambo lile lile.

Nyumba ya mama mdogo ilijengwa upya kiangazi kilichofuata, mbali kidogo na mto. Zile ferabeto za zamani tulizikata, tukabakiza vipande ambavyo havikuwahi kupinda, vikatumika vikiwa vimenyooka. Za pete tulinunua mpya. Mdogo wangu bado anafanya kazi kwenye fuawe la reli, nyundo sasa iko mkono wa kushoto.

Nilipokwenda Runingu likizo iliyopita nilikuta ferabeto zimeegemea ukuta ule ule wa jikoni, mafungu manne, na juu ya kila fungu ameandika kwa chaki. Nilidhani ni bei. Nikasogea nikasoma: "Imelala tarehe 3." "Imelala tarehe 11." Nikamwuliza kama wateja wanaelewa.

"Yaya," akanijibu, "kuna mtu asiyejua kulala?"